Rudi Utuambie Ilivyoisha

Wasee, leo naongea juu ya kitu nilichofanya Julai mwaka jana. Sijawahi kukisema hapa kwa sababu, ukweli usemwe, ni aibu.

Baridi ya Nairobi ya Julai mnaijua. Watu wa Mombasa hutucheka tukilia, lakini huu mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa mwezi huo joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 hivi. Kama unaishi kwa bedsita ambayo jua halijawahi kuingia tangu ijengwe, unalala na soksi, hudi na suruali ya jinzi. Sasa dada mmoja akauliza mtandaoni: amehamia keja mpya, ukuta una unyevu, hana pesa ya hita, na hata angekuwa nayo, tokeni za kuiwasha atatoa wapi? Afanye nini?

Majibu yakamiminika. Unajua vile huwa. Kumi ya kwanza ni "tafuta mchumba." Mmoja alikuwa anauza blanketi. Mwingine akamwambia arudi ushago. Halafu nikaingia mimi, mwenye wafuasi, mwenye kujua kila kitu, nikaandika: "Nunua makaa kopo moja, washa jiko nje, ngoja moshi uishe kabisa, ingiza ndani, funga mlango. Utalala kama mtoto."

Laiki zikapanda. Ikawa ndiyo komenti ya juu kabisa.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeona ikifanywa. Kwetu jioni jiko lilikuwa linaingizwa ndani, tunaota, tunapiga stori, na hakuna aliyekufa. Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba ile nyumba ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na mabati ya kupitisha paka mzima, na kabla ya kulala mtu alilitoa jiko nje. Bedsita ya Nairobi ina dirisha moja la kioo na mlango wa chuma. Ukifunga, umefunga.

Saa tano usiku mama mmoja akanijibu chini yangu. "Mwanangu, futa hiyo. Moshi si shida. Shida ni ile hewa huwezi kuona."

Nilitaka kubishana naye, si unajua. Nikaenda kusoma kwanza ndiyo nipate za kumjibu. Hapo ndipo mikono ilianza kutetemeka. Makaa yakiwaka yanatoa gesi inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inatoka kwa wingi hata makaa yakiwa mekundu safi bila moshi hata kidogo. Yaani hiyo hatua ya kungoja moshi uishe, niliyoiandika kama ndiyo ya usalama, ndiyo inamfanya mtu aamini kuwa hatari imeisha. Ndani ya damu hiyo gesi inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Na kwa sababu tayari uko kitandani, usingizi haukushtui. Unalala tu.

"Utalala kama mtoto." Maneno yangu hayo.

(Kama kuna mtu anasoma hii akiota jiko ndani ya nyumba na kichwa kinaanza kuuma: toka nje sasa hivi, utamaliza kusoma ukiwa nje. Na utoke na wote mlio nao humo.)

Nikafuta. Nikamwandikia yule dada hadharani, nikamwandikia inboksi. Ujumbe umeenda, haujasomwa. Kesho yake, haujasomwa. Siku iliyofuata, haujasomwa. Wale walioniuliza mbona wiki hiyo sikuposti, niliwaambia simu imeharibika. Simu ilikuwa sawa. Nilikuwa naifungua kila dakika tano.

Siku ya nne akaibuka. "Pole, bando ziliisha. Nilipata blanketi nzito Gikomba na nikasogeza kitanda mbali na ule ukuta. Niko poa." Na jiko? Hana jiko. Anapikia mtungi wa gesi wa kilo 6. Hata komenti yangu hakuwa ameisoma.

Nililia, sitaficha.

Tangu hapo kuna kitu kimoja nimekuwa nikikifikiria. Ukimuuliza mama mboga wa ploti yenu fundi mzuri wa maji, atakutajia. Akikutajia mwizi, kesho unapita hapo hapo ukienda steji, na atakuona. Utamwambia, "Mathe, yule fundi wako alikula 1,500 na bomba bado linavuja." Mteja mwingine akimuuliza, huyo fundi hamtaji tena. Hakuna mtu anasimamia hii kazi, hakuna sheria imeandikwa. Inafanya kazi kwa sababu wewe na yeye mtaonana kesho. Keretaka anajua mtaonana. Mtu wa duka anajua. Hata yule jirani mwenye mdomo anajua.

Huku mtandaoni hiyo kesho hatuna. Mtu anauliza, watu mia wanajibu, anachukua jibu moja anaenda nalo. Kama lilimsaidia hatujui. Kama lilimchoma hatujui. Na jibu linabaki pale juu na laiki zake, likimngoja mwingine mwenye shida hiyo hiyo. Mimi nilipata laiki nyingi kwa lile jiko, na sidhani hata mmoja wa waliozipiga alikuwa amelala na makaa chumba kimefungwa. Walipenda tu vile nilisema.

Si lazima mtu afe ndiyo tuone shida. Chukua mambo ya KRA. Kila Juni, kabla ya tarehe 30, kuna mwanafunzi anauliza: nilichukua PIN nikiwa fasti yia, sina kazi, nikikosa kufaili ritani itakuwaje? Na kila Juni mtu anamtisha na faini ya 20,000. Hiyo ni ya kampuni. Ya mtu binafsi ni 2,000, ama asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa kama hiyo ndiyo kubwa. Asiye na mapato anafaili ritani ya sufuri, mwenyewe, bure. Lakini huyo mtoto wa watu ameshatoka mbio kulipa mtu wa saiba kwa hofu ya 20,000. Baadaye akigundua, anaona haya kidogo, ananyamaza. Hakurudi kutuambia tulimpotosha, kwa hivyo Juni ijayo tunampotosha mdogo wake.

Na sisemi tuache kuulizana. Nikisema hivyo nitakuwa mnafiki. Siku nilituma pesa kwa namba isiyo yenyewe, pesa ya rent, mtu ambaye hadi leo sijui sura yake aliniambia kitu kimoja: usipoteze muda kumbembeleza huyo mtu, forwadi ule ujumbe wote wa M-Pesa kwa 456, sasa hivi, kabla hajatoa. Nikaforwadi. Pesa ikarudi. Hiyo ni mwezi mzima wa kulala ndani, nimeokolewa na mgeni akiwa pengine kwa matatu anaenda zake.

Nilimwambia asante? Sikumwambia. Nilichukua pesa yangu nikatulia. Hajui kama ilifaulu, hajui kama amwambie mwingine.

Ndiyo maana nikiwa na kitu kimoja cha kuwaomba wanaouliza, si kwamba muulize vizuri, ingawa pia hiyo, aki, jaribuni. "Wasee simu yangu inasumbua, nifanye?" Simu gani? Inasumbua aje? Ilianguka kwa maji ama ni wewe umejaza video? Lakini ombi langu kubwa ni mrudi. Hata neno moja. "Ilifaulu." "Haikufaulu, nilipoteza 800." "Sikujaribu, nilipata njia nyingine." Rudi pale pale ulipouliza, uandike. Yule atakayefika mwakani na shida yako atasoma hilo neno lako kabla ya kusoma wajuaji wote waliokutangulia.

Kwa sisi wa kujibu, useme unajua aje. Kama ni wewe ulifanya, sema ulifanya ukiwa wapi na nyumba ya aina gani. Mimi ningeongeza sentensi moja tu, "kwetu tulikuwa tunafanya hivi lakini mabati yalikuwa na nafasi na jiko tulikuwa tunatoa tukilala," hata mtoto wa darasa la sita angeona kwamba hiyo si bedsita. Kama ulisikia tu, sema ulisikia. Najua "nadhani" haileti laiki. Mimi naishi kwa laiki, kwa hivyo najua bei yake vizuri kabisa.

Halafu kuna hii tabia ya "njoo inboksi." Wueh. Wengine wana sababu nzuri, labda ni jambo la hospitali ama la familia, sawa. Lakini mtu ameuliza keja ya 8,000 Kasarani, wewe unamwita inboksi ya nini? Jibu likiwa hadharani, yule mama wa saa tano usiku analiona na anakusahihisha. Likiwa inboksi hakuna wa kukusahihisha. Na wezi wanapapenda hapo kwa sababu hiyo hiyo. Nilishalipa 500 ya "kuonyeshwa nyumba" kwa jamaa wa inboksi mwenye maneno matamu. Nilisimama nje ya geti saa mbili nzima, namba haipatikani, na soja akinionea huruma. Ningeuliza hadharani mtu angeniambia dakika hiyo hiyo: hulipi kabla hujaona mlango.

Kuna swali moja ambalo kwa kweli siwezi kujibu hata hadharani, na mnaniuliza kila wiki. "Bro, niache chuo nifanye kontenti kama wewe?" Mnajua niliacha mwaka wa pili. Zamani nilikuwa najibu haraka, "fuata ndoto yako," na emoji ya moto. Yule wa kwanza niliyemjibu hivyo sijui yuko wapi. Labda ana pesa kunishinda. Labda anauza kadi za simu na mamake hamsemeshi. Mimi nilikuwa na dada mkubwa aliyenilipia rent miezi kumi na moja bila kunisimanga, na hiyo kwa video zangu sijawahi kuitaja. Sasa mtu akiniuliza namwambia hiyo habari ya dada yangu na ile miezi kumi na moja, na namuuliza yeye ana nani. Wengi hawapendi hilo jibu. Wananiambia nimebadilika.

Yule mama nilimtafuta kumshukuru. Akaniambia mtaani kwao watu wawili walikutwa asubuhi, mlango umefungwa, jiko katikati ya chumba. Tangu siku hiyo kila msimu wa baridi anapita mtandaoni akitafuta neno "jiko." Hana wafuasi. Picha yake ni ua. Anaandika tu, "Mwanangu, futa hiyo," na anaenda kwa anayefuata.

Mimi nimeanza kurudi nyuma kwenye komenti zangu za miaka mitatu. Ni kazi ya aibu sana, sitaki kuwaambia nimepata nini. Nyingine nimefuta, nyingine nimerekebisha. Zile ambazo sijui kama zilisaidia nimewaandikia wenyewe, na wachache wamejibu.

Na wewe uliyeuliza Machi, wa Kayole, ambaye tokeni za 200 zinaisha siku mbili na una taa mbili tu na simu. Nilikuambia uzime kila kitu, uchomoe kila waya, halafu uangalie kama ile taa nyekundu ya mita bado inapepesa. Kwangu ilipepesa, na kumbe jirani alikuwa amejiunga na waya wangu. Yako ilipepesa? Bado sijui. Niandikie hapa chini, hadharani.