Si jua lililopasua hilo tairi, buda

Ukipanda matatu ya Thika mwezi wa pili, saa nane mchana, kaa dirishani uangalie kando ya barabara. Kutoka Ruiru hadi Juja utaona vipande vya matairi, vyeusi, virefu, vimejikunja kama ngozi ya nyoka. Jioni mtu ataandika mtandaoni ati jua kali ndilo lililopasua tairi la lori. Manze, hapana.

Jua la Januari hadi Machi ni kali, sikatai. Lami inameremeta kwa mbali mpaka unadhani ni maji. Lakini jua hilo linapiga magari yote, na si kila gari linapasukiwa. Tairi linapasuka kwa sababu lilitoka yadi likiwa na upepo kidogo, ama limekuwa kipara, na juu yake kuna mzigo uliopita kiasi. Upepo ukiwa kidogo, tairi linabonyea kila linapozunguka, na kule kubonyea ndiko kunalichemsha. Jua linamalizia tu.

Najuaje? Nilipoacha chuo nilikuwa utingo, tanboi kama tunavyosema, kwenye lori la mawe ya kujenga. Tulikuwa tunapakia kwenye machimbo ya upande wa Juja na kushusha Ruiru, Membley, Kamakis, popote ghorofa zinapomea. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kugonga matairi kwa chuma. Lenye upepo linarudisha chuma na sauti inalia. Lililolegea linasema "dup", kama umegonga godoro. Yale ya nyuma yako mawili mawili, na la ndani ndilo msaliti kwa sababu halionekani. Likiisha upepo, mwenzake wa nje anabeba mzigo wa wawili.

Siku moja la ndani lilisema dup. Dereva akampigia mdosi. Mdosi akajibu, "Pigeni tripu mbili kwanza, jioni tutaona." Hatukubisha. Tulikuwa tunalipwa kwa tripu, si kwa siku, na lori likilala na sisi tunalala njaa. Tripu ya pili, mida ya saa nane, la nje likaenda. Mlio ulikuwa kama transfoma imelipuka. Mpira uliochanika ukampata msee wa boda aliyekuwa kando yetu, ukamvunja mkono. Dereva aling'ang'ania usukani mpaka tukasimama, akashuka, akakaa chini akitetemeka. Hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi. Ukinywa maji utasimama kukojoa, na kusimama ni pesa. Alikuwa anatafuna muguka tu.

Mdosi alipopigiwa simu aliuliza kama mawe yamefika.

Sheria zipo. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kuna kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kuna ukaguzi wa NTSA. Lakini nani anahesabu saa za mtu anayelipwa kwa tripu? Kama tripu ya tano ndiyo karo ya mtoto, itapigwa tu, breki ziwe zinanuka zisinuke, na ushuke hivyo hivyo hadi mto Chania pale Blue Post ukiomba Mungu.

Na kama bado unalaumu jua, kumbuka Londiani. Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo likavamia watu kwenye makutano ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Juni ni msimu wa baridi.

(Halafu kuna hii tabia ya kutoa upepo tairi likiwa moto, ati lisipasuke. Ukifanya hivyo, likipoa linabaki chini ya kiwango, na kesho linachemka zaidi. Pima asubuhi, kabla lori halijatoka.)

Nikiwa na yadi leo, Januari hadi Machi ningelipa kwa siku. Lori litoke saa kumi na moja asubuhi, lisimame saa sita mpaka saa tisa, na mtungi wa maji uwe kwenye kabini. Mwenye lori ataniambia biashara itakufa. Sawa, basi atuonyeshe hesabu, aweke humo bei ya tairi jipya, siku lori lililala kando ya barabara, na ule mkono wa mtu wa boda.

Wewe pia usijitoe. Juzi hapa mtaani nilimsikia jamaa wa rika langu, ana ploti Kamakis, akimfokea broka kwa simu: "Nataka mawe leo leo, kabla ya saa tisa!" Ilikuwa saa saba na nusu. Nilitaka kumuuliza anajua hayo mawe yanakujaje. Sikumuuliza.

Dereva wangu tuliongea wiki iliyopita. Bado yuko kwenye lori lile lile. Amebadilishiwa matairi ya mbele, ya nyuma ameambiwa angoje mvua.