Pesa Zilipita Wapi? Chati Moja Ingetuonyesha

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha wavuvi hapa Matsangoni kiliniita nikawasikilizie hesabu zao za mwaka. Nina diploma ya uhasibu, basi panapotajwa vitabu huitwa mimi. Kijana aliyetayarisha hesabu alikuja na laptopu na dashibodi ya kupendeza wallahi: duara la matumizi lenye rangi saba, vijiti vya kila mwezi, mshale wa kijani unaopanda. Watu wakatikisa vichwa. Kisha nahodha mmoja wa zamani akauliza, "Mwanangu, tulianza na ngapi, tumebaki na ngapi, na hapo katikati zimepita wapi?"

Kijana akapekua kurasa zote. Jawabu hakulipata.

Jioni tukaketi pamoja, tukachora ile iitwayo chati ya maporomoko. Si kitu cha kutisha. Imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, na Power BI pia inayo. Kijiti cha kwanza ni pesa mlizoanza nazo, cha mwisho ni zilizobaki. Vya katikati vinaelea: kilichoingia kinapanda kutoka pale kilipoishia cha nyuma yake, kilichotoka kinashuka. Jicho linashuka nazo ngazi kwa ngazi.

Walianza na shilingi 240,000. Ushuru wa samaki ukaongeza 130,000 na michango 45,000. Barafu na mafuta zikala 95,000, injini ya boti 110,000, mikopo ya wanachama 80,000. Halafu kikaja kijiti kiitwacho "mengineyo": 72,000. Salio ni 58,000. Kijana mwenyewe akanyamaza. Kwenye vijiti vya kila mwezi "mengineyo" ilikuwa 6,000 tu, nani atagombania 6,000? Ikikusanywa ya mwaka mzima ikawa ndefu kuliko salio lenyewe.

Nimelileta hili kwa sababu pesa zetu za kaunti nazo twaonyeshwa kwa namna ile ile ya duara na rangi. Chukua mgao wa kaunti zote 47. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ulikuwa shilingi bilioni 385.4. Kwa 2024/25 zikapitishwa bilioni 400.1, na wanasiasa wakatamba nazo. Juni 2024 Mswada wa Fedha ukaangushwa na maandamano ya vijana, Bunge na Seneti wakavutana miezi, na mwisho wakakubaliana bilioni 387.4. Yachore hayo kwa maporomoko: kijiti kinapanda bilioni 14.7, kinachofuata kinashuka bilioni 12.7. Nyongeza halisi ni bilioni 2, igawanywe kwa kaunti 47. Anayekumbuka ile 400 pekee bado anauliza kwa nini zahanati haikumalizwa.

Hapo pana mtego, nao niliuona siku ile ile. Vijiti vya mwanzo na mwisho vikianzia bilioni 380 badala ya sifuri, nyongeza ndogo itaonekana mlima. Vikianzia sifuri, mabadiliko yanakuwa membamba kama uzi. Mchoraji akiamua kukata mhimili, aandike wazi kwamba ameukata. Pia asirundike matumizi ishirini madogo, wala asiyafiche yote ndani ya "mengineyo". Na chati hii hukwambia kiasi gani kimetoka. Nani alichukua, hiyo ni kazi ya risiti.

Kifungu cha 201 cha Katiba chataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha. Lakini kikao cha bajeti kikija wadini, twapewa kitabu kinene dakika chache kabla ya kuulizwa maoni. Mama muuza samaki atashirikije hapo? Ukurasa mmoja ungemtosha: wadi ilipangiwa ngapi, zikafika ngapi, zikalipa madeni gani ya nyuma, zikajenga nini, zikabaki ngapi. Kiswahili kitupu, tarakimu juu ya kila kijiti. Kikao kijacho nitauomba kwa maandishi inshallah, na wewe msomaji wa wadi nyingine waweza kuuomba kwenu.

Ama wale wavuvi, chati yao imebandikwa ukutani penye mizani ya samaki. Mhazini aliomba wiki mbili alete risiti za zile 72,000. Wiki ya kwanza imekwisha Ijumaa.