Mtoto wa miaka 23 bado anakula kwa baba: je, kodi inamuhesabu?

Katika nyumba nyingi za Golf, sawa vile katika Katuba ao Kampemba, kwenye meza kuna watoto ambao si watoto tena. Mmoja ana miaka 23, anasoma UNILU. Mkubwa wake ana 27, alimaliza masomo, sasa anatembeza barua za kuomba kazi kwenye makampuni ya madini. Dada yao ana 30, hajaolewa, na ana mtoto mchanga. Wote wanakula, wanavaa na wanatibiwa kwa mshahara wa mtu mmoja.

Njo maana swali hili linarudi kila mara kwa wazazi wanaolipwa kwa mwezi: mtoto akishapita miaka 18, bado anaweza kuandikwa kwenye fishi ya mshahara kama mtu anayeishi kwa mkono wa mzazi, ili kodi ipungue? Katika biro nyingi jibu ni fupi: "Hapana, amekuwa mkubwa." Jibu hilo linachanganya sheria mbili ambazo hazisemi kitu kimoja.

Sheria ya kodi inaangalia ndoa na mapato

Kodi inayokatwa kwenye mshahara, ile tunayoita IPR, inatoka katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Patro anaikata mwenyewe kabla ya kulipa mfanyakazi, kisha anaipeleka kwa DGI kila mwezi. Kifungu cha 89 kinasema kodi hiyo inapunguzwa kwa 2% kwa kila mtu wa familia anayeishi kwa mkono wa mfanyakazi, lakini watu hao wasipite 9.

Ni nani hao? Kifungu cha 90 kinataja bibi wa mfanyakazi, watoto wake ambao hawajaoa ao hawajaolewa, na wazee wa bwana na bibi ikiwa wanaishi katika nyumba ya mfanyakazi. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanahesabiwa, na wale waliopokelewa kisheria kama watoto pia. Lakini mtu huyo asiwe na mapato yake mwenyewe yanayopita kiasi kidogo kilichowekwa.

Tuangalie vizuri maneno hayo. Sheria ya kodi inauliza maswali mawili: mtoto huyu ameoa ao ameolewa? Ana mapato yake? Siku yake ya kuzaliwa si kipimo. Basi yule wa miaka 23 aliye UNILU anaweza kuhesabiwa. Yule wa 27 anayetafuta kazi, naye pia. Lakini msichana wa miaka 19 akishaolewa, anatoka kwenye hesabu ya baba yake, hata kama bado anakuja kula nyumbani kila Jumapili.

Ni feza ngapi?

Tuhesabu pamoja. Tuchukue mzazi ambaye mshahara wake wa kukatwa kodi ni franka 1.200.000 kwa mwezi. Kwa bareme ya IPR, franka 162.000 za kwanza zinakatwa 3%, ni kusema franka 4.860. Zile 1.038.000 zinazobaki zinakatwa 15%, ni kusema 155.700. Jumla ya kodi: franka 160.560.

Kila mtu aliyeandikwa anapunguza 2% ya kodi hiyo, ni franka 3.211 kwa mwezi. Bibi na watoto watatu ni 8%, karibu franka 12.845. Sasa biro ikiondoa watoto wawili sababu "wamekuwa wakubwa", mzazi anapoteza karibu franka 6.422 kila mwezi, ao franka 77.000 kwa mwaka.

Tuseme ukweli: feza hizo hazilipi minervali ya mwaka mmoja. Hata ukifikisha watu 9, punguzo ni 18% ya kodi, si 18% ya mshahara. Anayefikiri kwamba serikali inamsaidia kusomesha kijana wa iniversite kwa njia hii, anajidanganya. Lakini kidogo hicho ni haki ya mfanyakazi, na kikikatwa kimakosa kwa watu mia tano wa kampuni moja, si kidogo tena.

Lisiti ya pili: sheria ya kazi

Sasa hiyo "miaka 18" inatoka wapi? Inatoka katika Kodi ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. (Hapa neno "kodi" ni kitabu cha sheria, si feza ya serikali.) Kifungu chake cha 7 kinaeleza familia ya mfanyakazi ni nani. Mtoto anahesabiwa ikiwa hajaoa ao hajaolewa, na mpaka kufikia utu uzima, ambao kwa sheria yetu ya familia ni miaka 18. Akiwa bado kwenye masomo ya kutwa, mpaka unasogezwa hadi miaka 25. Na akiwa na ulemavu wa mwili ao wa akili unaomzuia kufanya kazi, hakuna mpaka wa miaka.

Lisiti hii ndiyo ngumu zaidi, sababu ndiyo inayofungua mlango wa hospitali. Kodi ya Kazi inalazimisha patro kutunza afya ya mfanyakazi pamoja na familia yake. Kijana wa miaka 24 akiandikwa kama mwanafunzi, malaria yake ao operesheni yake ni juu ya kampuni. Siku anapotimiza 25, ao siku karatasi ya iniversite inapokosa kuletwa, mzigo wote unarudi kwa mzazi.

Kwa hiyo kijana mmoja anaweza kutoka kwenye lisiti ya matibabu na kubaki kwenye lisiti ya kodi. Biro ya personeli inayoshika lisiti moja tu kwa mambo yote mawili inamfuta kote. Mfanyakazi haoni kitu, ju kwenye fishi ya mshahara IPR inaandikwa kwa namba moja tu.

Hapa Katanga tunazijua lisiti

Wazee wetu hawatashangaa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae katika kambi na bibi na watoto wao, na poso ilipimwa kwa kuhesabu vichwa vya nyumba. Gécamines iliendelea na desturi hiyo: masomo, hospitali, unga. Kuwa kwenye lisiti ya baba ilikuwa ni kuishi. Halafu mwaka 2003 likaja lile zoezi la kuondoka kwa hiari, lililosimamiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakaacha kazi. Lisiti zao zilifungwa siku moja, lakini watoto hawakuacha kula.

Tangu hapo, utoto umekuwa mrefu. Kijana anamaliza masomo na hapati kazi. Hana feza ya mahari wala ya kupanga nyumba. Sheria ya 1969, bila kujua, ilimuachia nafasi kijana huyu. Sheria ya kazi ya 2002 ilimfungia mlango akifika 25.

Wanaobaki inje

Kuna wengine ambao hawamo kwenye kifungu cha 90. Mjukuu, mtoto wa yule dada wa miaka 30, hatajwi. Mtoto wa ndugu aliyekuja kutoka Kalemie ao Bukavu kusoma hapa, hatajwi pia. Mama mzee anayebaki Kasenga na kupokea feza kwa simu kila mwezi hahesabiwi, ju hakai katika nyumba ya mfanyakazi. Familia ya sheria ni ndogo kuliko familia yetu.

Na wengi zaidi wako mbali na hesabu yote. Mama anayeuza unga kwenye soko la Kenya, dereva wa teksi, fundi wa matofali: hao hawana fishi ya mshahara. Wanalea watoto wakubwa sawa vile wengine, wanalipa patente na taksi za soko, lakini hakuna anayewauliza wana watoto wangapi.

Je, kwingine ni bora? Nchini Kenya, mfanyakazi anapunguziwa shilingi 2.400 kwa mwezi, awe na watoto sita ao asiwe na hata mmoja. Ufaransa inaruhusu mzazi kuhesabu mtoto mkubwa mpaka miaka 21, na mpaka 25 akiwa mwanafunzi. Kwa karatasi, sheria yetu ni ya huruma kuliko hizo. Kasoro ni kwamba 2% ni kitu kidogo, na wengi hawajui iko.

Kitu cha kuchunga

Mageuzi ya kodi ambayo Kinshasa imeanzisha yanaleta kodi nyingine, IRPP, kuchukua nafasi ya IPR. Watu wanazungumza sana juu ya asilimia. Swali la nani anahesabiwa katika nyumba linapita kimya. Wazazi, sendika na wadeputé wa mikoa yetu ya mashariki wanapaswa kuliuliza kwa sauti, sababu neno moja kama "mwenye miaka chini ya 18" linaweza kumfuta kijana wa iniversite kwa kalamu tu.

Kwa sasa, mzazi anayelipwa mshahara afanye mambo matatu. Kwanza, aombe personeli imuonyeshe watu wangapi wamehesabiwa kwenye IPR yake, tofauti na lisiti ya matibabu. Pili, apeleke karatasi: cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto, na kwa mwanafunzi karatasi ya iniversite ya mwaka huu. Kwa mtoto wa ndugu, atafute kwanza karatasi ya ulezi kutoka tribinali, ju bila hiyo hata lisiti ya matibabu haifunguki. Tatu, mtoto akioa, akiolewa ao akipata kazi, aseme. Kumficha ni kudanganya DGI, na siku ya kontroli patro atamrudishia yeye mzigo.

Biro ikijibu tena "amekuwa mkubwa", aulize kwa upole: mkubwa kwa sheria gani?