Daraja la Kigongo na Daraja la Tatu

Kiangazi kimeshika Mwanza. Mpunga umevunwa, pamba inapimwa, vyuo vinafunga milango, na kila mwenye ndugu ng'ambo ya maji anapanga safari. Juni ni Bulabo kule Bujora, Kisesa. Julai ni Saba Saba, pamoja na harusi zilizokuwa zikisubiri mavuno. Agosti ni Nane Nane, na uwanja wa Nyamhongolo hufurika wakulima, wafugaji, wavuvi, wanafunzi na wauza mishikaki. Hakuna hata moja kati ya siku hizi inayotujia kwa ghafla. Zimo kwenye kalenda, mwaka hadi mwaka.

Kwa nini basi msafiri wa sikukuu katika Ziwa Victoria bado anapokewa kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni? Hoja yangu ni fupi, nami naisema bila kuzunguka. Dola inayojua tarehe ya kila sherehe ina wajibu wa kujua jina la kila mtu anayevuka maji kwenda kusherehekea. Isipolijua, imechagua kutolijua.

Tuanze na kalenda yenyewe. Anayeishi kando ya ziwa hili anafahamu kuwa kiangazi kina sura mbili. Kina anga safi na jioni za kupendeza. Lakini Juni hadi Agosti pia ni miezi ya upepo wa kusini mashariki, unaoamsha mawimbi na kuigeuza safari ya mtumbwi kuwa mtihani. Tena kiangazi chetu kimewekewa mipaka na misiba miwili. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka mita chache kabla ya kugusa gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kila mwaka tunasherehekea katikati ya tarehe hizo mbili, na wengi wetu hatuzikumbuki mpaka redio itukumbushe.

Yatazameni matukio hayo mawili kwa jicho la mtu wa takwimu. MV Bukoba iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha yake ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Narudia, kwa sababu ndipo penye kiini cha makala haya: daraja la tatu halikuwa na orodha. Aliyelipia kitanda alikuwa na jina. Aliyekaa juu ya mzigo wake wa ndizi hakuwa nalo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna tofauti, wengine wakisema zaidi ya 500, wengine wakikaribia 900. Tofauti ya watu mia tatu au mia nne si kosa la hesabu. Ni kijiji kizima ambacho hakikuandikwa popote wakati kinapanda, na kwa hiyo hakikuweza kuhesabiwa wakati kinazama. Waliopatikana wakalazwa Igoma, wengine bila majina.

Miaka 22 baadaye tukarudi palepale. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Siku ile ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, na watu wa Ukara walikuwa wanarudi nyumbani na vyakula, sukari, nguo na watoto wao. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa walikuwa 41. Idadi ya waliopanda haikujulikana, kwa kuwa mkata tiketi alikufa, na mashine yake ya tiketi ikapotea majini. Uokoaji ulisimama giza lilipoingia, ukaendelea kesho yake. Nchi nzima ilijua ukubwa wa safari ile kwa kuhesabu maiti na walionusurika, kisha kujumlisha.

Gulio la Bugolora nalo halikuwa siri. Lilikuwa kila wiki. Mtu yeyote aliyepaswa kupanga safari za kivuko alijua kwamba siku hiyo watu wataongezeka, kama sisi sote tunavyojua kwamba Nyamhongolo itajaa wakati wa Nane Nane.

Wapo watakaoniambia kwamba nafukua makaburi wakati mambo yamebadilika. Watanionyesha Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Watanionyesha MV Mwanza, meli yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Sina ugomvi na daraja hilo. Mgonjwa wa Sengerema anayewahishwa Bugando hasubiri tena kivuko, na anayelibeza hilo hajawahi kukaa Kigongo usiku akimtazama mtu wake akikata roho kwenye foleni. Sina ugomvi na meli kubwa pia. Hata Ukara ilipata kivuko kikubwa kuliko kile kilichozama.

Lakini daraja linavusha watu wa Busisi. Halivushi watu wa Ukara, Irugwa wala Ghana. Meli kubwa nayo hutia nanga penye bandari. Haiendi kwenye kisiwa chenye mwalo wa mawe na miti miwili. Huko msafiri hutegemea mtumbwi wa injini au boti ya mbao. Nimepanda vyombo hivyo mara nyingi, kwa harusi, kwa misiba na kwa kuwatembelea wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Nimeulizwa nauli, nimeulizwa nina mizigo mingapi, nimeambiwa nisogee ili mama mmoja apate pa kukaa. Sijawahi kuulizwa jina. Kama mtumbwi ungezama, mke wangu angejua nimesafiri, serikali isingejua.

Sasa simama katika stendi ya Nyegezi. Anayepanda basi kwenda Dar es Salaam hupewa tiketi yenye jina lake na namba ya kiti chake. Basi lenyewe lina kifaa kinachoiwezesha mamlaka ya usafiri wa ardhini kufuatilia mwendo wake. Hayo ni mafanikio, na yalipatikana kwa sababu watu walipiga kelele baada ya ajali nyingi za barabarani. Ina maana uwezo tunao. Mwaka 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, visiwani na bara. Dola iliyoweza kukijua kidole cha mvuvi wa Irugwa kwa ajili ya laini yake haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kuliandika jina lake anapopanda mtumbwi. Daraja la tatu la mwaka 1996 halijafutwa. Limehamishwa kutoka chini ya meli hadi kwenye mialo ambako kamera za televisheni hazifiki.

Wengine watasema kosa ni la abiria, kwamba wao ndio wanaong'ang'ania kupanda chombo kilichojaa. Huu ni utetezi wa mtu mwenye gari. Mama aliyeuza dagaa gulioni, ambaye watoto wake wako kisiwani, na ambaye chombo kinachofuata hakijulikani kitaondoka saa ngapi, hachagui kati ya usalama na hatari. Anachagua kati ya hatari na kulala nje. Mpe safari nyingine yenye saa inayojulikana, ndipo umlaumu akiikataa.

Na wapo watakaonijibu kwa methali: ajali haina kinga. Methali hii imetumika vibaya kuliko nyingine yoyote katika lugha yetu. Wazee waliisema kumfariji aliyefiwa. Hawakuisema ili mkubwa wa ofisi aitumie kujiondolea lawama. Mti ukikuangukia njiani, ajali haina kinga. Watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wakipakiwa kwenye kivuko kimoja, ile ni hesabu iliyokamilika, na jibu lake lilijulikana tangu gatini.

Ugonjwa huu si wa Mwanza peke yake, na mara nyingi huja na sikukuu au starehe. Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, wiki mbili hazijapita tangu Idi el Fitri. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Tume ya uchunguzi ikaja kutaja watu zaidi ya 1,300 ambao hawakuonekana tena. Katika ziwa hilihili letu, upande wa Uganda, boti ya starehe MV Templar ilizama tarehe 24 Novemba 2018 karibu na ufuko wa Mukono, ikiwa imejaa watu waliokwenda kufurahi. Zaidi ya 30 walikufa. Ukara ilikuwa imezika watu wake miezi miwili tu kabla, na maji ni yaleyale.

Nirudi Bujora, kwa sababu pana funzo. Katika mashindano ya ngoma ya Bulabo, Wagika na Wagalu hushindana kwa dawa, kwa nyoka, kwa majembe na kwa vituko, na anayeshinda ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Mila yetu inajua kwamba umati una uzito na kwamba kila mtu anayehamia upande mmoja hubadilisha matokeo. Mcheza ngoma huwatazama watu wake wakiongezeka mmoja mmoja. Ni aibu kwamba ofisi yenye kompyuta inajua kuhesabu watu kwa umakini mdogo kuliko mcheza ngoma wa Kisesa.

Nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. Kwanza, kila chombo kinachobeba abiria ziwani, hata mtumbwi wa injini, kiwe na orodha ya majina kabla ya kuondoka, na nakala yake ibaki nchi kavu. Daftari la kaunta na kalamu vinatosha kuanzia. Orodha inayosafiri na chombo huzama na chombo. Hilo tulifundishwa Ukara. Pili, uwezo wa kila chombo uandikwe kwa herufi kubwa pale watu wanapopandia, kwa Kiswahili, na ratiba ya safari za ziada za siku za gulio na sikukuu itangazwe wiki moja kabla. Tatu, katika siku hizo vikosi vya uokoaji viwe tayari usiku na mchana. Sherehe haziishi saa kumi na mbili jioni, na ajali hazingoji asubuhi.

Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, najua baadhi yenu mmeshaandika mapendekezo ya namna hii yakalala kwenye majalada. Yaamsheni. Baada ya Ukara bodi zilivunjwa na watu wakakamatwa, lakini kuvunja bodi hakumpi mtu jina kwenye orodha. Ninyi wanaharakati, acheni kukutana hotelini kila Septemba kuwasha mishumaa. Nendeni mwaloni siku ya gulio.

Na ninyi wanafunzi wangu mnaokwenda likizo Ukerewe, Kome na Maisome, nawapa kazi isiyo na alama. Mkipanda chombo, soma uwezo wake kama umeandikwa. Hesabu watu. Andika tarehe, saa na mwalo, kisha mniletee mkirudi. Tutaziweka hesabu hizo mezani pa wahusika zikiwa na tarehe zake, ili kiangazi kijacho asiwepo mtu wa kusema hakujua.