Dawa Bila Malazi Haitoshi

Mtoto anapolazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, wanaoumia ni wengi. Kitanda hupewa mmoja, lakini mama hukesha, baba huuza kuku, mbuzi na hatimaye ng'ombe, nao ndugu waliobaki nyumbani hukosa karo. Hospitali hii huwahudumia wakazi wa magharibi mwa Kenya, na wengine hutoka Uganda na Sudan Kusini. Mzazi atokaye Lodwar husafiri zaidi ya kilomita 300. Akifika, daktari atamtibu mwanawe. Je, ni nani atakayemtafutia yeye mahali pa kulaza ubavu?

Swali hili si dogo. Saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958, huwashambulia hasa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, yakiwamo yale ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Yatibika, ila dawa zake hutolewa kwa awamu. Uchunguzi uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2014 ulibainisha kwamba wazazi wengi wa watoto wenye saratani waliyakatiza matibabu. Miongoni mwa sababu walizotaja ni uhaba wa fedha na shida ya usafiri. Naam, mtoto aweza kufa ilhali dawa ipo, kwa kuwa mama yake hana nauli wala malazi.

Wenzetu wa ng'ambo walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1974, daktari Audrey Evans na wenzake walifungua mjini Philadelphia, Marekani, nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, ili familia za watoto wagonjwa zipate kulala karibu na hospitali. Nyumba za aina hiyo zimeenea katika nchi nyingi, na humo watu wa kujitolea hupika, husafisha na huwasikiliza wazazi.

Hapa Eldoret hatuanzi na mikono mitupu. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015, na Kituo cha Sally Test kimewapa watoto waliolazwa mahali pa kucheza na kujifunza. Malazi ya wazazi yanastahili kupewa uzito uo huo.

Yamkini wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya serikali. Sipingi. Serikali ndiyo yenye ardhi na hazina, na haifai kuachiwa iusahau wajibu wake. Hata hivyo, nyumba isiyo na watu ni kuta tu. Serikali yaweza kununua magodoro. Haiwezi kununua jirani.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Kitenzi "kujitolea" kimebeba kiambishi "-ji-", kinachomrudishia mtendaji kitendo chake: kitolewacho ni nafsi, si nguo kuukuu. Mwanafunzi anayekuja mara moja, akapigwa picha na mtoto mgonjwa, kisha akadai cheti, hajajitolea, amejichukulia. Kinyume chake, anayefika kila Jumamosi kwa saa 2, akateka maji, akaosha sufuria na kuondoka kimya, huyo amelitendea neno haki.

Fauka ya hayo, wanafunzi wetu wana mali wasiyoithamini: lugha za kwao. Mama wa Kiturkana au Kipokoti asiyeelewa vyema Kiswahili wala Kiingereza huzungukwa na karatasi asizoweza kuzisoma. Kijana wa lugha yake hatamfasiria ugonjwa, kwani hiyo ni kazi ya daktari, lakini ataweza kumsindikiza hadi dirisha la malipo na kumkumbusha siku ya kurudi. Mwalimu naye aweza kumfundisha hesabu mtoto aliyekosa muhula mzima, ili akipona asione haya kurudi darasani.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vyuo vyetu viko karibu na hospitali, na Jumamosi haiko mbali.