Jino la mbele likivunjika, usikimbilie kuling'oa



Mtaimbo ukiteleza kazini, au mtoto akianguka uwanjani, jino la mbele laweza kuvunjika pembe. Wengi husema: «Ling'olewe tu, mambo yaishe.» Sisi tunasema hapana. Jino lako mwenyewe, hata likibaki nusu, lapita jino la kununua. Na anayetaka lirudi kama zamani si mtu wa majivuno: anayefunika mdomo kila akicheka ni mtu aliyeumia.

Njia ya kulijenga upya ipo. Mwaka 1955 munganga wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba asidi ikipakwa kidogo juu ya jino hulifanya likwaruze, na vitu vya kubandika vikashika vizuri. Kitu kinachobandikwa siku hizi huitwa kompoziti: ni kama gundi nzito iliyochanganywa na unga laini wa kioo.

Munganga huchagua rangi kwanza, jino likiwa bado na mate, maana jino lililokauka huonekana jeupe kuliko kawaida. Kisha huweka kompoziti tabaka kwa tabaka, kila moja nene milimita 2 hivi, akiigandisha kwa taa ya buluu. Tabaka za ndani huziba mwanga. Ya nje huupitisha kidogo. Jino la kuzaliwa nalo limejengwa hivyo hivyo. Kwa hiyo usiombe jino jeupe kama karatasi. Omba lifanane na jirani zake. Hapo hakuna atakayelitambua.

Shika haya:

1. Usitupe kipande kilichovunjika. Kiweke ndani ya maziwa au maji safi, uende nacho. Mara nyingine hubandikwa tena.
2. Nenda siku ile ile. Ukiona damu au alama nyekundu katikati ya jino, mshipa umefikiwa: utahitaji matunzo mengine kwanza.
3. Kompoziti si chuma. Usifungue chupa ya bia kwa meno, wala usitafune misumari.
4. Tumbako, chai na kahawa huichafua rangi. Piga mswaki asubuhi na jioni.

Baada ya miaka kadhaa kompoziti huchakaa, lakini hutengenezwa tena. Jino lililong'olewa halioti tena. Tuyatunze tuliyo nayo.