HABARI ZA VIUMBE: Kiwavi na Nondo ni Mmoja

Mwezi huu twataka kueleza habari za kiwavijeshi vamizi, adui wa mahindi, maana yanenwa mengi juu yake yasiyofaa. Shamba laonekana zima, na baada ya juma mbili majani yametobolewa yote. Ndipo wengine husema, "Viwavi hawa wameshuka na mvua." Wengine hunena neno baya zaidi, ya kuwa jirani amewatuma kwa uchawi, na majirani waliokuwa wakiombana moto wakawa hawasalimiani. Twaomba kila nyumba ijue asili ya mdudu huyu.

Kwao ni bara la Amerika. Katika Afrika alitambuliwa kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Kenya na Tanzania. Kiwavi hawezi kutambaa mwendo huo wote. Lakini mdudu huyu ana hali nne, na katika hali moja anayo mabawa.

Hali ya kwanza ni yai. Nondo jike, mwenye rangi ya kijivujivu, huja usiku watu wamelala, akataga juu ya jani mafungu ya mayai mia na zaidi, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake hata yakafanana na ukungu. Maishani mwake aweza kutaga mayai kama 1,500.

Hali ya pili ni kiwavi. Penye joto huanguliwa baada ya siku 2 au 3, na kazi yake ni kula tu. Ngozi yake ikimbana huivua, akakua tena. Akiwa mdogo hukwaruza jani. Akiwa mkubwa huingia katika moyo wa mmea, na hapo ndipo alapo kuliko siku zote zilizopita. Alama zake ni mstari mweupe usoni, mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba.

Hali ya tatu ni buu. Baada ya juma mbili hivi kiwavi hushuka, akajizika udongoni kina cha vidole vichache, akawa kitu kigumu cha rangi ya kahawia. Hali, hatembei; ungedhani amekufa. Kumbe ndani sehemu kubwa ya mwili wa kale yayeyuka, na mabawa na miguu mipya yajengwa. Penye joto, siku 8 au 9 zikipita, hutoka nondo, naye ndiye hali ya nne.

Si wadudu wote wageukao hivi. Tunutu amefanana na nzige mzazi wake, ila hana mabawa, kwa hiyo hakuna asiyewajua kuwa ni jamaa. Kiwavi na nondo hawafanani hata kidogo, ndiyo sababu watu hawashuku.

Basi, mkulima asingoje kuona majani yametoboka. Tangu mahindi yachipuapo, apite shambani mara mbili kila juma, ageuze majani, aponde mayai na viwavi wadogo. Apondaye fungu moja ameua viwavi mia. Akiisha kuingia katika moyo wa mmea, hata dawa humfikia kwa shida. Siafu na manyigu wamlao tuwaache, ni wasaidizi wetu.

Nanyi walimu, twaeni chupa ya mdomo mpana, tieni udongo, na kiwavi mkubwa mmoja tu, maana wakiwa wawili hulana. Mpeni jani bichi la mhindi kila siku, mfunike kwa kitambaa chepesi. Watoto waandike kila siku waonayo, hata nondo atokee. Kisha mwueni, msimwachilie. Na watoto wakaisome nyumbani habari hiyo waliyoiandika, wazee wao waisikie kabla ya kumtaja jirani.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza habari za mbu, ambaye utoto wake ni majini.